Kinu Kinachozunguka Kinyume

Jumatatu, 4 Machi 1957

Mizani ya shamba la tatu tena. Sindano inasimama kwenye ratili mbili kabla ya mtu kutundika kapu la chai. Nimefungua, nimetoa jani lililokauka na mjusi mmoja, mzima. Nikafunga. Sasa inasimama kwenye sifuri.

Foreman akapita, akasema "vizuri, boy". Nina miaka thelathini na tano. Nina watoto wanne. Nimetengeneza lori vitani Burma huku tunapigwa mabomu. Boy.

Siku nikipata cheti cha fizikia nitaomba kazi ya kukagua mizani ya wilaya nzima, na ya kwanza kukagua itakuwa ya huyu bwana. Karatasi ya maombi ya mtihani iko ndani ya Biblia. Lazima ifike Nairobi kabla ya tarehe kumi Mei, na sahihi ya mwalimu wa fizikia iwe chini yake. Sahihi sina. Mwalimu mwenyewe simjui.

Alhamisi, 7 Machi

Posta. Kijitabu cha tisa cha masomo ya fizikia kwa njia ya posta kimefika. Bahasha imeandikwa "Mr. Kosgoi". Mara ya tisa. Jina langu ni Koske, lina herufi tano tu, na ada hawajawahi kuikosea.

Kijitabu kinasema mwanga unasukuma. Si kwa mfano. Unasukuma kweli, kama mkono, lakini kidogo mno. Nilisoma mara tatu alfajiri kabla ya king'ora cha kiwanda. Nilichelewa kazini. Sijutii.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya kanisa nilipiga hesabu. Jua la adhuhuri, bila wingu, kilowati moja kwa kila mita mraba. Gawa kwa mwendo wa mwanga. Eka moja ni mita mraba elfu nne na arobaini na saba. Ardhi nyeusi inameza mwanga wote. Jibu: jua linasukuma eka nzima kwa uzito wa gramu moja na sehemu nne za kumi.

Nikapima mbegu moja ya chai kwenye mizani ndogo. Gramu moja na nusu. Kwa hiyo jua lote la adhuhuri juu ya eka nzima halifiki uzito wa mbegu moja.

Nilifurahi sana nikamweleza mke wangu, Mama Kiprono, ambaye huchuma chai siku sita kwa wiki. Akasikiliza mpaka mwisho, akanimiminia maziwa ya mursik, akauliza: "Basi, Baba Kiprono, huu mgongo wangu unaniuma kwa gramu ngapi?"

Nimelitafuta jibu kijitabuni. Halimo.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeenda shule ya sekondari kumtafuta mwalimu wa fizikia. Maili kumi na moja kwa baiskeli, breki moja. Anaitwa Mwalimu Oduor. Kijana wa miaka ishirini na sita, ana digrii, ana tai, viatu havina matope. Alinipa kiti, hilo sitamnyima. Akasema hawezi kutia sahihi kwa mtu asiyemjua, akaniandikia maswali manne. Nikiyapata yote manne anatia sahihi. Sawa. Hiyo ni haki.

Matatu nimepata. La nne lilikuwa hili: mwanga mmoja unapiga ubao mweusi, halafu unapiga kioo. Kipi kinasukumwa zaidi?

Kijitabu kinasema habari ya ubao mweusi tu. Kioo wamekiacha mtu ajitafutie. Nikafikiri, nikaandika: kioo, mara mbili.

Akachora msalaba mwekundu. Akanieleza kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi zaidi. Alisema kioo kinarudisha mwanga wote, hakibaki na kitu, sasa kitasukumwa na nini? Cheusi kinaupokea wote, kwa hiyo ndicho kinachosukumwa.

Halafu akafungua kabati. Ndani kuna glopu ya kioo, na ndani ya glopu kuna kinu kidogo, vijibati vinne juu ya ncha ya sindano. Kila kijibati upande mmoja kina masizi, upande wa pili kinang'aa. Akakiweka dirishani juani. Kikazunguka, tena mbio. Pande nyeusi zikawa zinarudi nyuma, zinakimbia mwanga. Pande za kung'aa zinakuja mbele.

Nilikitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kinazunguka kumpendelea mwalimu.

Jumapili, 17 Machi

Nimekasirika. Sikuimba kanisani.

Jumanne, 19 Machi

Kukandika jiko jipya. Mama Kiprono na dada yake Rahab wanachota udongo, wanarusha ukutani, pa! unashika. Mimi nabeba maji. Rahab akarusha tonge moja likagonga bati la dirisha badala ya ukuta, likaruka likanipiga kifuani.

Nilisimama na debe la maji mkononi kama mtu aliyesahau kwao.

Udongo unaoshika umesimamishwa. Huo ni msukumo mmoja. Ule ulioruka umesimamishwa, halafu umetupwa kurudi ulikotoka. Kusimamisha ni kazi, kurudisha ni kazi nyingine. Ukuta unaorudisha lazima usukumwe mara mbili. Mwanga ni hivyo hivyo. Cheusi ni ukuta. Kioo ni bati.

Mwalimu anasema kioo hakibaki na kitu. Ni kweli, lakini hata ngumi haibaki usoni.

Rahab aliuliza kama nimeumia. Nikamwambia arushe lingine. Wakatazamana.

Jumamosi, 23 Machi

Jaribio. Nimetundika jiwe la mizani la ratili saba kwa waya kwenye boriti ya jiko. Nyuma yake ubao wenye alama za chaki. Mpira mmoja wa tenisi niliouokota kwenye michai karibu na nyumba za mabwana, wakia mbili. Tonge la udongo, wakia mbili pia, nimelipima.

Mrushaji ni Mama Kiprono. Amekandika nyumba tangu akiwa msichana, mkono wake haubadiliki. Mimi nikirusha naongeza nguvu upande ninaoutaka, najijua.

Mara kumi udongo. Mara kumi mpira. Udongo ulisukuma jiwe vidole vitatu. Mpira, vidole vitano na nusu. Sita haukufika kwa sababu mpira haurudi na mwendo wake wote. Mwanga kwenye kioo kizuri hurudi karibu wote.

Jirani alipita akauliza kama tumekosana. Mama Kiprono akamwambia: "Hatujakosana. Ananifundisha kumtupia mwalimu matope."

Nimeandika yote kwenye karatasi safi, na mchoro. Wiki hii ni nzuri.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya. Nimeharibu mwenyewe.

Mwalimu alisoma karatasi yangu yote, polepole. Akasema ni kazi nzuri kuliko ya wanafunzi wake. Akasema hesabu haina kosa analoliona. Halafu akanyoosha kidole dirishani, na pale kinu kilikuwa kinazunguka upande wake. "Karatasi yako inasema ndiyo, Bwana Koske. Kinu kinasema hapana. Mimi nitie sahihi kwa nani?"

Sasa mimi nimefanya kazi ya mizani miaka tisa. Mizani ikisema uongo, unafungua. Ndani kuna jani au mjusi, au mtu amepinda kitu kwa faida yake. Sijawahi kukosa. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba bisibisi na koleo. Nikavitoa mfukoni, nikaviweka mezani, nikamwambia nipe dakika kumi nikifungue nione kimeharibika wapi.

Uso wake ulibadilika. Kumbe glopu imezibwa kwa moto, imenyonywa hewa, na ukiifungua umeiua. Ndiyo pekee shuleni, imetoka Uingereza kwa meli. Akaifunga kwa taulo kama mtoto anayetoka kuoga, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akatia mfukoni. Akasema nikipata jambo jipya la kusema nirudi. Bila koleo.

Nilisukuma baiskeli kilima chote. Si kwa sababu ya breki. Aibu.

Jumatano, 10 Aprili

Mwezi mmoja umebaki.

Swali ninalojiuliza ni la fundi. Kinu kinazunguka mbio. Je, mwanga una nguvu ya kukizungusha hivyo? Kijibati kimoja ni inchi moja mraba, kwa makadirio yangu. Jua linasukuma kijibati cheusi cha ukubwa huo kwa uzito gani? Nikapiga hesabu. Gramu moja ukiigawa mara milioni tano.

Uzito huo sikuweza kuuwaza. Nikachukua chumvi, nikahesabu punje elfu moja kwenye karatasi, nikazipima kwenye mizani ndogo ya chumba cha kuonjea chai. Zote elfu moja: sehemu sita za mia za gramu. Kwa hiyo mwanga unasukuma kijibati kwa uzito wa punje moja ya chumvi iliyogawanywa mara mia tatu.

Na kitu hicho ndicho kinazungusha kinu mbio namna ile? Juu ya ncha ya sindano yenye msuguano? Siamini. Kuna mkono mwingine ndani ya glopu.

Mama Kiprono alinikuta nimefika punje mia sita na arobaini. Alikwenda kumwita Rahab aje kuona.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Niliimba. Mkono mwingine bado sijaujua.

Jumatatu, 29 Aprili

Mashine ya kukausha majani ilisimama, nikaitwa. Mkanda umekatika. Nikiwa ndani nangoja mkanda mpya, niliona vumbi la chai. Juu ya bomba jeusi la moto vumbi linaruka, linacheza, haliwezi kutua. Juu ya bomba jipya la kung'aa, lililo kando ya lile, vumbi limetua kimya. Moto unaopita ni mmoja.

Nikaweka kiganja. Jeusi halikai mkono. La kung'aa unavumilia.

Cheusi kinapokea joto na kinatoa joto upesi. Hewa inayogusa cheusi inapata moto na kurusharusha kila kitu. Sasa kama ndani ya glopu ya mwalimu kumebaki hewa kidogo, hata kidogo sana, hewa hiyo inapigana na upande mweusi kwa joto. Inausukuma nyuma. Huo ndio mkono mwingine. Mwanga unasukuma kioo mara mbili, sawasawa na hesabu yangu, lakini ni punje ya chumvi mbele ya ng'ombe. Ng'ombe anaelekea upande wa pili.

Kinu hakisemi uongo. Kinajibu swali ambalo hatukukiuliza.

Foreman aliniuliza kwa nini nacheka ndani ya mashine. Nilimwambia nimepata mkanda.

Alhamisi, 2 Mei

Nimepata neno. Uthibitisho sina. Mwalimu atasema tena: Bwana Koske, karatasi yako.

Siku nane.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika haya kabla viatu havijakauka vizuri.

Nilifika shuleni saa nane mchana. Wanafunzi bado wako likizo, madarasa yamefungwa, Mwalimu yuko peke yake kwenye chumba cha sayansi anapanga chupa. Nilimwonyesha viganja vyote viwili, vitupu. Akacheka kidogo. Nikamwuliza swali moja tu: ndani ya glopu hewa imeisha kabisa? Akasema hapana, hakuna anayeweza kuimaliza, imebaki kidogo. Kidogo kiasi gani? Akafungua kitabu, hakikusema.

Nikamweleza habari ya mabomba. Alisikiliza, tai imelegezwa. Akasema inawezekana. Akasema pia kwamba mambo mengi yanawezekana.

Nje kukawa giza. Wingu lilitoka upande wa Mogogosiek, jeusi kama chini ya sufuria. Mwalimu akawasha karabai. Halafu ikaja mvua ya mawe. Mabati yakapiga kelele hata hatusikilizani. Tulikaa tu tunatazamana kama watu wawili kwenye kituo cha treni. Nilifikiria michai. Mama Kiprono hatakuwa na jani la kuchuma wiki tatu.

Ikakatika ghafla, kama kawaida yake. Uwanja mzima mweupe. Mawe mengine makubwa kama mayai ya njiwa.

Nilitazama yale mawe. Nikatazama kabati.

Nikamwambia Mwalimu: kama ni mwanga unaosukuma, ukikitia kinu kwenye baridi kitafanya nini? Akasema hakitafanya kitu, mwanga ukiwa mdogo kitasimama. Nikamwambia, na kama ni joto, cheusi kinachopokea joto upesi ndicho kinachopoteza joto upesi. Kwenye baridi cheusi kitakuwa baridi kuliko cha kung'aa. Hewa itasukuma upande wa pili. Kinu kitarudi kinyume.

Mwalimu akasimama. Akazunguka chumba mara moja. Akasema glopu ni nyembamba, barafu inaweza kuipasua. Nilijua. Nilikuwa nimelifikiria hilo kabla yake. Akatoa ufunguo. "Ikipasuka, Bwana Koske, usirudi hapa tena. Na mimi sijui nitamwambia nini mkuu wa shule."

Tukaiweka ndani ya sufuria tupu, tukangoja itulie. Mwalimu akazima karabai. Mwanga wa dirisha ulikuwa hafifu. Kinu kikasimama kabisa. Nilitoka na beseni nikajaza mawe. Tonge la kwanza alilitia yeye mwenyewe, polepole, kando kando ya kioo. Mimi la pili, yeye amenishikia beseni. Tukapandisha mpaka mabegani mwa glopu, tukabaki tunachungulia kwa juu, vichwa vimegusana.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu.

Nilianza kuhesabu maili za kurudi nyumbani.

Halafu kijibati kimoja kikatikisika, kikasita kama mbuzi mlangoni, kikaenda. Upande mweusi mbele. Polepole, halafu upesi, halafu upesi zaidi. Kinyume. Ndani ya barafu, karibu gizani, bila jua, kinu kinazunguka kinyume.

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo: "Kinarudi nyuma."

Tulitazama mpaka kikachoka. Glopu haikupasuka. Mwalimu akaketi juu ya meza, digrii na yote, suruali ikalowa maji ya mawe. Akasema kwamba miaka miwili amewafundisha vijana kwa kinu hiki, na kila mwaka amewaambia cheusi ndicho kinachosukumwa zaidi na mwanga. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia mashine ya kukausha chai.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya siku hii. Niliyapanga kwa wiki saba, juu ya baiskeli. Mengine yalikuwa makali na mazuri sana. Sikusema hata moja. Alikuwa amenishikia beseni.

Akachukua karatasi ya maswali, akakata ule msalaba mwekundu, akaandika "sahihi, mara mbili", akaweka tarehe. Halafu akatia sahihi kwenye fomu. Mwandiko wake ni mbaya. Sijaona mwandiko mzuri kama huo.

Nilipokuwa napanda baiskeli akatoka nje na kusema shule ikifunguliwa nije Jumamosi moja. Nilidhani anataka nimtengenezee mizani ya maabara. Nikasema sawa.

Jumanne, 7 Mei

Fomu imeingia posta. Nilimwangalia karani akiigonga mhuri. Jina nimeandika kwa herufi kubwa, na chini yake tena.

Michai yote ya upande wetu imechanika. Mama Kiprono yuko nyumbani, amelala mpaka jua likachomoza. Anasema mgongo umepungua gramu kadhaa.

Jumatatu, 20 Mei

Namba ya mtihani imefika. Kwenye bahasha: "Mr. Kosgoi". Ndani, kwenye kadi yenyewe: Koske. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeenda shuleni na bisibisi, kwa ajili ya mizani ya maabara. Nimevaa koti la kanisani kwa sababu la kazi limefuliwa.

Haikuwa mizani. Mlango wa chumba cha sayansi ulikuwa wazi. Mwalimu Oduor alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma kabisa, kati ya wanafunzi, na daftari. Mbele meza tupu, kinu juu yake, na kando beseni la barafu aliyoleta sijui kutoka wapi. Ubaoni, kwa mwandiko wake mbaya: Swali la nne.

Niliingia. Vijana thelathini na wawili wakasimama wote pamoja, viti vikakwaruza sakafu.

Nikageuka kuona ni nani ameingia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.